Kibuyu Kinachovuja

Datius Mutembei alipenda mno kueleza. Kutoa dawa na kunyamaza hakukumtosha. Alitaka mgonjwa ajue kinachomsumbua, hata kama mwenyewe alitaka vidonge tu arudi migombani kwake. Miaka ile ya ujamaa redio ilihimiza elimu kwa kila mtu, nani angemkanya mganga wa zahanati? Kijijini Buganguzi walimcheka, ila walimpenda.

Siku Klaudia alipomleta bintiye Kokugonza, anahara, macho yameingia ndani, dripu zilikuwa zimekwisha. Datius alikoroga maji ya chumvi na sukari, akamnywesha mtoto, akajaza chupa ya kwenda nayo nyumbani. Kisha akaanza.

“Mama Kokugonza, tumbo limejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana. Kila chembe ina utando wake, nao ndio unaochagua kipi kiingie, kipi kitoke. Virusi vikiingia vinauharibu, hauchagui tena. Chumvi inatoka, maji yanaifuata.”

Klaudia hakuelewa neno. Datius akatafuta mfano wa nyumbani.

“Ni kibuyu kilichotoboka, basi. Kinavuja.”

“Ee, waitu! Hapo nimeelewa.”

Datius alifurahi siku nzima. Haya, mtu wa Buganguzi hufanya nini na kibuyu kinachovuja? Hamimini kitu. Hukianika kwanza kikauke kabisa, ndipo akizibe kwa ulimbo. Datius alizaliwa hapo hapo, alilijua hilo, ila halikumjia.

Kesho yake alipita kumjulia hali mtoto. Alimkuta amelazwa uani juani, midomo imepasuka. Chupa ilikuwa imejaa vile vile, imefunikwa vizuri.

“Amekauka, waitu, kuhara kumekoma,” Klaudia alisema kwa furaha. “Alililia maji, nikamnyima. Niliumia, lakini nilikumbuka ulivyonieleza. Sasa nipe dawa ya kuzibia.”

Datius alikimbilia kijiko. Maji yalimtiririka mtoto shavuni, hayakumezwa. Jua halijafika utosini, Kokugonza akafa.

Datius hakumwambia Klaudia kitu. Angemwambia nini, kwamba maji yalikuwa pale pale mkononi mwake? Alikaa matangani na wanaume, asiweze kumtazama mtu.

Upande wa pili Klaudia alikuwa amezungukwa na wanawake wenye watoto mgongoni. Alikuwa akiwaeleza juu ya kibuyu, na kwamba yeye alichelewa. Mtoto akianza tu kuhara, wamkaushe siku hiyo hiyo. Alieleza vizuri, na wote walielewa.