Hhando na Injini ya Dyna

Emmanueli Hhando wa Kansay hakuwa mtu wa maneno, na kwa miaka mingi kazi yake haikumdai maneno. Alikuwa na pikapu, Landkruza ya zamani ya fowili, ile ambayo magurudumu yote manne huvuta tope likizidi. Aliinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya mradi mmoja wa maji uliofungwa, na hakubahatisha, kwa sababu ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo tangu likiwa jipya. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alitoka nalo kwake, mwisho kabisa wa kata, akapita juu ya vilima na ndani ya makorongo hadi Karatu mjini, amebeba mahindi, mbaazi, kuku, madumu ya maziwa na watu. Alasiri alirudi na sukari, mabati na watu wale wale.

Kituo hakikuwepo, wala saa maalumu. Ilikuwepo sauti. Injini ya gari lile ilikuwa ya petroli, silinda sita, yenye mngurumo mzito wa taratibu uliotangulia mbele kwa vilima viwili. Mama aliyekuwa jikoni aliusikia, akapata nafasi ya kuepua chungu, kufunga kanga, kukamata kuku wa kuuza na kufika barabarani kabla ya gari. Watu hawakusema gari linakuja. Walisema, "Hhando huyo." Yeye alisimama, wakapanda, akaondoka. Honi aliiona ni kitu cha watu wa mjini. Mkewe, Blandina, ambaye alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, alizoea kusema kwamba mumewe ameliachia gari kazi ya kusalimia watu.

Kisha zikaja mvua za elinino. Barabara ya Kansay ilikatika mahali pengi, na pasipokatika palikuwa uji. Hhando aliendelea kwenda kwa muda mrefu kuliko wengine. Siku moja maji ya korongo yakamzidi, yakapanda hadi kwenye boneti, na injini ikayanywa. Alisikia kishindo kimoja, kisha maji tu yakipita. Majirani walileta maksai, gari likavutwa hadi pakavu, na barabara ilipoanza kupitika, trekta la jirani mmoja likalikokota hadi gereji ya Eliamani, Karatu.

Eliamani alikuwa Mchaga wa Machame, fundi aliyehamia Karatu kufuata magari ya watalii, lakini akajikuta akitengeneza zaidi magari ya wakulima. Alifungua boneti, akainama, akaingiza vidole viwili kwenye tundu lililokuwa ubavuni mwa injini.

"Mzee Hhando," alisema, "mkono wa pistoni umetoka nje. Hii ni ya kuzika."

"Huwezi kuziba?"

"Nikiziba itakurudisha hapa hapa. Na ya namna hii nyingine utakayoipata Arusha nayo ni mgonjwa. Lakini nina injini ya Dyna. Dizeli, silinda nne. Lori lenyewe lilipinduka, kichwa kikapondeka, injini haikuguswa."

Hhando aliitazama injini ile ya Dyna ilipokaa juu ya matairi mawili, imefunikwa gunia. Aliiona ndogo.

"Nne zitapanda makorongo ya Kansay?"

"Zitapanda. Ila zitapanda polepole."

"Sina haraka," alisema Hhando.

Kazi ilichukua muda, kwa sababu injini ya Dyna ilitengenezwa kwa ajili ya gari linalovutwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Walipoiteremsha kwa mnyororo mara ya kwanza, sampo, lile beseni la oili la chini, likakalia difu ya mbele na injini ikabaki imenyanyua pua. Eliamani akaitoa, akakata sampo, akaichomelea upya kwa umbo lingine, akaijaza maji kuona kama inavuja. Ikavuja. Akarudia. Akachomelea mauntingi mpya za kushikilia injini kwenye chesisi. Ganda la klachi la Dyna halikukubali kuungana na giaboksi ya Landkruza, ikabidi aende Arusha kutafuta linalokubali, na huko alikaa zaidi ya alivyoahidi, kama mafundi wote. Tangi likashushwa, likasuuzwa petroli yote, likaongezewa bomba la kurudisha dizeli isiyotumika. Siku nyingi Hhando alikuwepo pale, amekaa juu ya pipa, anatazama. Mafundi walimzoea kama walivyozoea jeki.

Ilikuwa majira ya baridi, mbaazi zimeanza kuvunwa, siku injini ilipowaka. Ilitoa moshi mweusi, ikatikisika, kisha ikatulia kwenye mlio wake: kokoto zinazotikiswa ndani ya debe.

"Unaionaje?" aliuliza Eliamani, kwa furaha.

"Ni lori hili."

"Ni dizeli, mzee. Utaizoea."

Hhando alirudi Kansay jioni hiyo hiyo kwenye manyunyu ya baridi. Hakukutana na mtu, na hilo hakulishangaa. Nani atoke nje kwenye baridi ile? Aliona kwamba gari linapanda kweli, kwa uvivu lakini bila kukataa, na kwamba mafuta hayaliki. Aliridhika. Alipofika kwake hakuna aliyekuja kumpokea. Alimkuta Blandina ndani, ameketi kwenye magunia ya mbaazi, uso umekaza.

"Kumbe ni wewe!" alisema Blandina. "Nimedhani ni wale wanunuzi na malori yao. Nilishajipanga kuwafukuza."

Alicheka hadi akajishika mbavu. Hhando alivua koti, akaomba chai.

Asubuhi yake alitoka kama zamani. Kwenye njia ya kwanza inayoshuka majumbani hapakuwa na mtu. Kwenye ya pili hapakuwa na mtu. Alipunguza mwendo, akatazama bondeni. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba, ng'ombe walikuwa nje, na hakuna aliyekuja. Gari lilikuwa limekaa gereji tangu masika. Alijua kwamba watu wamekuwa wakienda mjini kwa punda, kwa miguu, kwa kudandia malori ya mbaazi. Moyoni alisema, wamenizoea sipo. Neno hilo lilimchoma, na kwa kuwa lilimchoma hakusimama tena. Alipita njia ya nyumbani kwa Martini bila kugeuza shingo. Mjini alifika na abiria wawili aliowakuta tayari wanatembea barabarani.

Martini alikuwa rika lake. Walipata kipaimara siku moja, na mashamba yao yalitenganishwa na korongo moja. Hhando hakujua kwamba Martini alikuwa kitandani tangu jana yake mchana, tumbo limekaza, anatapika. Ngiri aliyokuwa nayo miaka yote ilikuwa imebana. Mkewe, Angelina, na shemeji yake, Inosenti, walikuwa wamesikia sokoni kwamba gari la Hhando limepona na kwamba litarudi wiki hiyo. Asubuhi walimfunika blanketi, wakaandaa kitanda cha kamba cha kumbebea, wakawaita vijana wawili. Kumpeleka barabarani na kumlaza kwenye manyunyu kusubiri, hawakuona ni busara. Sauti ya gari ingewapa muda wa kutosha. Walikaa, wakasikiliza.

Walisikia Dyna ikipita.

Jua lilipopanda na Hhando hajasikika, wakaanza kumbeba kwa miguu. Alasiri, Hhando akirudi, aliwakuta mbali, kwenye mteremko, wamemweka Martini chini ili wapumzike. Inosenti alisimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono kusimamisha lori. Alipomtambua dereva, mikono yake ilibaki vile vile juu.

"Umetoka wapi?" aliuliza.

"Mjini."

"Ulipita saa ngapi?"

"Asubuhi."

Hapakuwa na nafasi ya kuzungumza zaidi. Walimpakia, Hhando akageuza gari. Kwenye mlima wa mwisho aliingiza gia ya kwanza na kukanyaga mafuta hadi mwisho, na gari likapanda kwa mwendo wake, wala halikuongeza. Martini alipokelewa hospitali akiwa na fahamu. Alimwuliza Hhando kama mbaazi zake za ng'ambo ya korongo zimeiva, naye Hhando akasema bado kidogo. Jioni, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, akafa.

Mwili ulirudishwa Kansay kwa gari lile lile. Angelina alikaa mbele. Walikwenda sehemu kubwa ya njia.

"Tulisikia lori, Baba Hyasinta," alisema Angelina mwishoni. Hyasinta alikuwa binti wa kwanza wa Hhando.

"Nilikuwa ni mimi."

"Sasa najua."

Hhando alisubiri aongeze neno, la lawama au la kusamehe. Angelina alikuwa anatazama mashamba.

Msibani hakuna aliyemlaumu waziwazi. Wazee walisema siku ya mtu ikifika imefika. Hhando alichota maji, akachimba kaburi pamoja na wengine, akaleta mbao. Ni Inosenti peke yake aliyekataa kupokea kikombe cha chai kutoka mkononi mwake. Baada ya tanga kuanuliwa, Hhando aliliacha gari uani siku kadhaa akashinda shambani. Blandina alimvumilia, kisha hakumvumilia.

"Utaliuza?" aliuliza.

"Sijui."

"Watu wana mbaazi za kupeleka mjini. Wana wagonjwa. Wewe unaogopa nini?"

"Hawanijui nikija. Wanasikia lori."

"Sasa Mungu amekupa mdomo wa kulia ugali tu? Shuka kwenye gari, uwaambie ni wewe!"

Kwanza alijaribu njia rahisi. Alinunua honi mjini akaipiga kila mahali, lakini malori nayo yalikuwa na honi, na waliotoka walikuwa watoto. Basi akafanya alichoambiwa. Kwenye kila njia inayoshuka majumbani alisimamisha gari, akazima injini, akashuka na kuita. Siku ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo hata mbwa hawakubweka. Ikabidi ateremke hadi kwenye nyumba zenyewe.

"Hodi. Ni mimi Hhando. Kuna wa kwenda?"

"Karibu, karibu! Hhando mwenyewe? Ingia ndani."

Alikuwa ameishi miongoni mwa watu hao umri wake wote na nyumba nyingi hakuwa amewahi kuingia. Mahali pengine alikuta mama anayetafuta mtu wa kumletea dawa ya ng'ombe. Pengine alikuta ndugu wawili wanagombea mpaka, nao walimgeukia kana kwamba amekuja kuamua. Alisikiliza, akasema neno moja au mawili, akaondoka. Abiria waliokuwa tayari ndani ya gari walilalamika kwamba Hhando sasa anatembelea watu kama padri. Safari iliyokuwa ya asubuhi ikawa ya hadi karibu na adhuhuri. Baadhi walimhama wakapanda malori. Wengine walibaki, kwa sababu kwenye malori hakuna aliyeshuka kuwaita.

Nyumbani kwa Angelina alishuka kila siku, hata alipojua hakuna wa kusafiri. Angelina alimpa uji. Wakati mwingine walizungumza juu ya mvua, wakati mwingine juu ya Martini alivyokuwa mbishi. Hakuna siku waliyorudi kwenye habari ya lori.

Inosenti alitembea kwa miguu hadi mjini misimu miwili ya mavuno, na gari la Hhando lilipompita aliangalia pembeni. Siku moja, begani ana gunia na mguu umevimba kwa mwiba, gari liliposimama mbele yake alirusha gunia nyuma na kupanda. Alipoteremka hakuaga. Kesho yake alipanda tena.

Injini ya Dyna ilidumu. Ilibadilishwa nozeli, ikabadilishwa klachi, na sampo lililochomelewa na Eliamani halikuvuja tena. Kilichokwisha ni bodi na macho ya dereva. Katika miaka ya elfu mbili na kitu, barabara ikiwa imechongwa na magari mengine yakiwa yameanza kuja Kansay kwa saa zinazojulikana, Hhando alimwuzia gari lake Joel, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola. Joel aliling'oa injini akaifunga kwenye pampu ya kumwagilia, na kiunzi akakiacha nyuma ya ghala. Hhando alipopata habari hizo alisema ni vizuri, kisha akaendelea kupiga palizi.

Mwaka uliofuata, baada ya misa, Inosenti alimsubiri nje ya kanisa. Alikuwa amevaa koti la suti lililombana mabegani.

"Kijana wangu anataka kuoa," alisema. "Binti ni wa kule Mbulu. Ninahitaji mshenga."

"Unao ndugu."

"Ndugu zangu wanaongea sana. Nataka mtu anayejua kuingia kwenye nyumba ya watu."

Hhando alifikiri kidogo. Aliuliza baba wa binti ni nani, ni wa ukoo gani, na kama nyumba yao ina ugomvi na mtu. Inosenti alimjibu lile na lile. Wakakubaliana kuondoka Jumanne kwa basi la asubuhi, naye Hhando akarudi nyumbani kumwambia Blandina ampigie pasi shati jeupe.