Shangazi wa Kinanda na Muziki wa Kusubiri

Kwa miaka thelathini na mmoja Shangazi wa Kinanda alikuwa akiwapigia watu wasiomsikiliza. Si kwamba alikuwa mpigaji mbaya. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Mpiga kinanda wa ukumbi wa harusi huanza kupiga wageni wakiwa bado wanatafuta viti, na huendelea mpaka bibi harusi afike, na bibi harusi hufika saa anayotaka mwenyewe. Hapo katikati watu husalimiana, hupimana nguo kwa macho, husengenyana kidogo, huulizana choo kiko wapi. Muziki upo, lakini ukimwuliza mtu kesho yake ulikuwaje, atakusifia keki.

Watu walimwita Shangazi kwa sababu alikuwa na kaka na wadogo wa kiume watano, na watoto wao walijaa mji mzima. Walio nje ya ukoo waliliokota jina hilo wakalitumia bila kuomba ruhusa. Alikuwa mjane mfupi mwenye viganja vikubwa ambavyo ungedhani ameviazima kwa seremala. Hasira zake zilikaa karibu, na maneno hakuwa anayamung'unya.

Kusubirisha watu ni ufundi, na yeye aliujua mpaka kwenye mifupa. Bibi harusi aliyemchelewesha kuliko wote alifika baada ya saa mbili na dakika kumi, na muda wote huo kinanda hakikunyamaza. Mkono wa kushoto ulizunguka palepale bila kuchoka. Mkono wa kulia ulibadilisha kitu kidogo kila mzunguko, tena kidogo sana, na mara kwa mara ulipumzika kabisa ili watu wapate nafasi ya kuongea. Wimbo haukutua kamwe kwenye do, noti ya kumalizia, maana ukitua pale watu watadhani shughuli imekwisha. Jicho moja lilikuwa mlangoni. Mtu wa mlangoni akiinua leso tu, Shangazi alijua pa kukata kona na kuugeuza wimbo, na bibi harusi akaingia kana kwamba wimbo wote ulikuwa unamngojea yeye.

Nyumbani, ndani ya kabati la vyombo, alikuwa na daftari lenye jalada gumu. Humo mlikuwa na wimbo wake mwenyewe, aliouandika kwa miaka kumi na mmoja, akifuta na kurudia. Ulikuwa wa dakika nne na nusu, una mwanzo, una katikati, na mwisho wake ulifunga kama mlango uliotengenezwa na fundi anayejiheshimu. Hakuna aliyewahi kuusikia wote. Alitaka jambo moja kabla vidole havijakakamaa: mtu mmoja akae kitako, ausikilize kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuwahi kumwambia yeyote, kwa sababu aliona ni ombi la aibu kwa mtu mzima.

Ndipo akatokea binti wa mdogo wake. Binti huyu alikuwa ameacha kazi ya benki, jambo lililomlaza baba yake kitandani siku mbili, akafungua ofisi ya chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Yeye na rafiki yake waliyemwita Mchoraji walikuwa wanatengeneza gemu la kompyuta. Ndani yake mtu mmoja amebaki peke yake kwenye kituo cha angani kilichoharibika. Anatengeneza mitambo yake mmoja mmoja, akingoja chombo kitakachokuja kumchukua. Mwanamuziki wao wa kwanza aliwaachia milio ya vyuma vinavyosuguana na miluzi ya kutia kichaa, kisha akapata kazi kwingine.

"Shangazi, unaweza kutupigia muziki wa angani?" binti aliuliza.

"Huko sijawahi kufika, mwanangu."

"Hata sisi."

Jibu hilo lilimfurahisha. Alirudi nyumbani, akafungua kabati, akalitoa daftari. Hakuwaambia kwamba wimbo ule haukuhusiana na anga hata chembe. Aliurekodi wote kwenye kinanda chake kikuukuu, akakabidhi, akajifanya ni kitu alichokitunga wiki ile.

Siku ya kujaribu gemu walimpandisha fundi miwani kutoka chini. Alikuwa mtu mzima mwenye uso usioficha kitu, na walimchagua kwa sababu hiyo. Hakuambiwa muziki ni wa nani, ili asianze kuwapaka watu mafuta. Shangazi alikaa nyuma karibu na jagi la maji, akatambulishwa kama mgeni.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Wimbo ulipoanza fundi alitikisa kichwa kidogo, na Shangazi akahisi joto limempanda hadi masikioni. Kisha fundi akakwama. Alikuwa anatafuta koki ya kufungia hewa inayovuja, na ilikuwa nyuma ya pipa, yeye anazunguka chumba kilekile. Wimbo ukafika mwisho, ukafunga mlango wake vizuri, halafu ukaanza upya. Fundi bado anazunguka. Ukafunga tena. Mara ya tano, huku macho yakiwa kwenye skrini, kidole gumba cha fundi kilitambaa kwenye kitufe na kuishusha sauti mpaka ikaisha. Hakuwa na kinyongo. Hata hakujua kama amefanya hivyo.

Baadaye binti alimwuliza, "Na muziki je?"

Fundi alifikiri. "Mzuri. Ila unaniambia nimemaliza wakati sijamaliza."

Ilimkata Shangazi maini. Miaka kumi na mmoja, na kidole kimoja. Alichukua mkoba wake mezani, akasema ana mgonjwa wa kumtazama, na hakukuwa na mgonjwa. Binti alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Shangazi, hakuwa na nia mbaya."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Jumamosi alikuwa na harusi, na alikwenda nayo hasira yake yote. Ukumbi ulikuwa na viti mia tatu vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na bibi harusi alikuwa ameshachelewa dakika arobaini. Shangazi alipiga, akawatazama watu. Mmoja alikuwa anachambua kucha. Wawili walionyeshana picha kwenye simu. Bwana harusi alitabasamu na ukuta. Basi Shangazi akajiambia, kama hawasikii, najichosha kwa nini? Akaondoa mikono kwenye kinanda, akaiweka mapajani.

Kwanza hakukutokea kitu. Halafu mtu mmoja akatazama saa yake, na jirani yake akaitazama ya kwake. Mtoto akaanza kulia, na sasa kila mtu akamsikia. Mama wa bwana harusi akasema, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, kwamba yeye siku yake aliwahi. Mama mdogo wa bibi harusi alikuwa viti viwili mbele, na hakuwa kiziwi. Bwana harusi akafuta jasho, akainuka, akakaa, akainuka tena. Ndani ya dakika tatu ukumbi ule ulikuwa kama chungu kinachotaka kufurika.

Mshereheshaji alikuja mbio kwa vidole vya miguu. "Shangazi, kuna nini? Umeme?"

"Vidole vilikaza."

"Tafadhali, mama yangu. Watapigana hawa."

Akarudisha mikono. Alianza na mkono wa kushoto peke yake, taratibu, kwa sauti iliyopatana na mvumo wa feni za ukutani, kama alivyozoea, ili muziki na feni visigombane. Akaona mabega ya watu yakishuka, safu baada ya safu. Mama wa bwana harusi akageukia mambo mengine. Hakuna aliyegeuka kumtazama mpigaji. Shangazi alikaa pale akipiga, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na mmoja akajua alikuwa anafanya kazi gani. Bibi harusi alipoingia, saa nzima na robo baadaye, mpigaji alikuwa anatamani achelewe kidogo zaidi.

Jumatatu alipanda ngazi za ofisi bila kupiga simu.

"Hicho kituo chenu kinavuma?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Kinavuma vipi?" Mchoraji akauliza.

"Mitambo. Feni. Kuna hewa humo ndani, si ndiyo? Basi kuna kitu kinaisukuma. Nisikilizisheni."

Wakamsikilizisha. Aliinamisha kichwa, akabonyeza kinanda mara mbili tatu. "Kiko juu ya noti ya la kidogo. Kishusheni kikae sawasawa kwenye la, halafu mniachie."

Wakakishusha. Akaanza kupiga juu ya mvumo ule, na mvumo wenyewe ukageuka kuwa sehemu ya wimbo, mpaka usijue mashine inaishia wapi na mikono inaanzia wapi. Mchoraji alikuwa na wasiwasi. Yeye alitaka milio ya ajabu, vitu ambavyo sikio halijawahi kukutana navyo.

"Sikiliza, baba," Shangazi alisema. "Huyu mtu wenu yuko peke yake, kazungukwa na chuma. Chuma anakiona, chuma anakishika, analala juu ya chuma. Na wewe unataka kumwimbia chuma? Ajabu ipo tayari kwenye picha zako. Mimi nimpe kitu cha kumshikilia asichanganyikiwe."

"Lakini itasikika kama ni angani?"

"Akitoka nje ya kituo, zimeni mvumo. Mzime na mkono wangu wa kushoto. Mwacheni na wa kulia peke yake. Atajua yuko wapi."

Walijaribu. Mtu mdogo wa kwenye skrini alifungua mlango akatoka, mvumo wa la ukakatika, zikabaki noti chache zinazoelea bila kitu chini yake. Mchoraji alijishika mkono, maana vinyweleo vilimsimama. Hakubisha tena.

Walifanya kazi wiki mbili. Shangazi aliwafundisha kuacha nafasi, na kutotua kwenye do. Kwenye kila mzunguko alionyesha pa kukata kona, ili mchezaji akifungua mlango muziki uwe tayari naye, hata kama amekaa pale dakika moja au saa moja. "Huyu mchezaji ni bibi harusi," alimwambia binti. "Hujui atafika saa ngapi, na huna ruhusa ya kumkasirikia." Na kwa kuwa mkono wa kulia lazima upige kitu, aliufungua wimbo wa kwenye daftari kama mtu anavyofumua sweta, akatawanya vipande vyake huku na huku: mstari nusu kwenye chumba cha mimea, noti tano kwenye dirisha kubwa. Ilimuuma kuufumua. Wimbo mzima haukuwa popote ndani ya gemu lile, na mwisho wake mzuri haukutumika hata mara moja.

Fundi miwani akapandishwa tena, na Shangazi akarudi kwenye kiti chake cha mgeni. Fundi alicheza, akakwama, akazunguka, sauti akaiacha ilivyo. Akafika kwenye dirisha kubwa la kituo, panapoonekana nyota na sayari ya rangi ya majivu, akasimama. Hapakuwa na cha kufanya pale. Dakika zikapita. Vidole vyake vilikuwa vimelegea juu ya kidude cha kuchezea.

"Umekwama?" binti aliuliza.

"Hapana," fundi alisema. "Nakuja."

Akakaa tena kama dakika sita. Alipoulizwa kuhusu muziki alikunja uso, akasema kusema kweli hakuuangalia sana, kulikuwa na muziki? Binti akamtazama shangazi yake kwa hofu. Shangazi alikuwa anamimina maji kwenye glasi, ametulia tuli.

Alikuwa ametulia kweli, lakini daftari lilibaki kabatini, na hakuna aliyekuja kuuomba wimbo. Hilo nalo halikuondoka moyoni.

Siku nne baadaye skrubu ya miwani yake ilichomoka. Akapita dukani kwa fundi kabla ya kupanda ofisini. Fundi alikuwa amempa mgongo, anasaga kioo kwenye jiwe linalozunguka, na alikuwa anaimba huku mdomo umefumbwa, kama mtu asiyejua kuwa anaimba. Shangazi alisimama mlangoni na miwani yake mkononi. Ulikuwa mstari wa pili wa wimbo wake. Ndani ya gemu mstari ule ulikuwa vipande vitatu katika vyumba vitatu, na mtu huyu alikuwa ameviunga mwenyewe kichwani. Alikwenda vizuri hadi karibu na mwisho, akashuka.

"Hapo haushuki," Shangazi alisema. "Unapanda."

Fundi akazima jiwe lake, akageuka. "Nini?"

"Huo wimbo unaouimba. Hapo unapanda."

"Nilikuwa naimba?" Alijaribu tena, taratibu, akapanda. Uso wake ukakunjuka. "Ee. Kweli. Unanisumbua tangu juzi, na sijui nimeutoa wapi. Wewe unaujua?"

"Naujua."

"Wote?"

"Wote."

Fundi alipokea miwani, akaitazama kwenye mwanga, akachukua bisibisi nyembamba kama sindano. "Sasa baada ya hapo unaendaje?"

Bila miwani duka lote lilikuwa ukungu mbele ya Shangazi, na machozi yalimlenga yakazidisha ukungu huo. Alivuta kiti cha wateja, akakaa.

"Una muda? Ni dakika nne na nusu."

"Muda ninao."

Akaanza kuuimba kutoka mwanzo, na fundi akaiweka bisibisi chini.