Utepe wa Njano

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, seremala alisaka miwani nyumba nzima. Chini ya kitanda, ndani ya viatu, hata kwenye sufuria. Mkewe, fundi cherehani, alimtazama tu, pini mdomoni.

"Bibie, miwani yangu umeiona?"

"Naiona. Imekaa kwenye kipara, inaota jua."

Akakata utepe mwekundu, akamning'inizia miwani shingoni. Wiki nzima alikuwa akifunga vitu kwa tepe, tangu mwalimu mmoja aliyeleta suruali ya kupunguzwa amweleze kuwa neno akili tumelipata kwa Waarabu, na huko lina undugu na kamba ya kumfungia ngamia mguu asipotee.

"Kwa hiyo mimi ngamia?"

"Ngamia nundu yake iko mgongoni, mzee. Yako imehamia mbele."

Jioni mkewe aliinamia cherehani, hakuinuka tena.

Mwezi ulipokwisha, binti yao akaja na begi tupu.

"Baba, kusanya virago. Unahamia kwangu."

"Kwani hapa pana nini?"

"Pana gesi, na pana wewe. Utajilipua."

"Sihami."

Milango ya nyumba ile aliichonga mwenyewe, na cherehani ingali na uzi aliouacha mkewe.

"Haya. Chemsha chai tunywe, kisha twende dukani. Nikuone."

Akachemsha. Wakanywa. Akavaa kofia, huyo mlangoni. Binti akachungulia jikoni: moto umezimwa, lakini koki ya mtungi iko wazi. Akakunja mikono kama hakimu.

Mzee akapapasa mfuko. Ufunguo hakuna. Akarudi jikoni akinung'unika. Ufunguo ulikuwa ukining'inia kwa utepe wa njano juu ya koki, pale pale mkewe alipoutundika na kumwapisha asiuhamishe. Mkono uliofuata ufunguo ukakutana na koki. Akaifunga, kri, kri, akatoka na ufunguo wake.

Mikono ya binti ikakunjuka yenyewe.

"Nani aliweka ufunguo pale?"

"Mwenye nyumba."

Binti akacheka huku akifuta macho. Akalikunja begi, akalitia kwapani.

"Na alipoutundika alisemaje?"

Mzee hakuongeza neno, hakupunguza:

"'Nimekufungia akili nyumba nzima. Ukiipoteza na hii, usinifuate kuniuliza iko wapi.'"