Mkanda Mweusi Ukutani Woodley

Mjomba wangu alisema sitavumilia Doha hata mwaka mmoja, jirani yetu kule Kimilili akasema nikirudi nitarudi na kikohozi na sanduku la nguo kuukuu, na binamu yangu mmoja (ambaye siku hizi ananipigia simu kila Krismasi kuomba kazi) akasema mtu aliyefeli hesabu mara mbili hawezi kupata diploma hata ya kulala. Wote niliwanyamazisha. Nilianza kwa kubeba ndoo za rangi kwenye jua lile la kule, nikaishia kusimamia mafundi wa mataifa manne, nikasoma jioni mpaka nikapata diploma ya utunzaji wa majengo, ambayo iko ukutani ofisini kwangu Kinoo ndani ya fremu ya dhahabu (si dhahabu yenyewe, lakini inang'aa), na leo nina kampuni, nina pikapu, na nyumba ninayokaa Kileleshwa ina lifti inayofanya kazi. Nayataja haya mapema kwa sababu mkishasikia yanayofuata hamtakuwa na hamu ya kuniheshimu, na ningependa tuanze nikiwa bado mtu.

Katika maneno yote waliyonisema, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema Wafula hawezi kupaka ukuta rangi. Hicho kimoja waliniachia. Na hicho ndicho kilichonivua nguo mbele ya watu.

Pale Woodley, ukiacha Ngong Road ukaingia ndani kwenye zile nyumba za zamani zenye ua na miti, kuna ukumbi mdogo wa mtaa, na ubavuni mwake, upande wa njia ya miguu, kuna ukuta mrefu uliochorwa na kijana aliyeitwa Jemo. Aliwachora watu wa mtaa wakitembea wote upande mmoja kama wanaokwenda mahali pamoja: kinyozi amebeba kiti chake kichwani, mzee ameshika redio sikioni, watoto wa shule, mbwa mmoja mwenye mkia uliopinda, na mwanamke mwenye beseni la mandazi ambaye ukimtazama vizuri ni mama yake mwenyewe. Hakuna mtu mkubwa hata mmoja kwenye mchoro ule. Jemo aliuchora bila malipo, kwa rangi za kuombaomba, masazo ya mafundi, na kabla mtu yeyote hajampa ukuta wa pili, wa kulipwa, akashikwa na ugonjwa wa figo akafa. Maharusi walikuwa wanakuja kupigia picha pale na hawakujua hata jina lake.

Rafiki yake Shiro, msichana anayechora mabango ya saluni na buchari, ndiye aliyekataa ukuta ule uachwe kufa pia. Aliwakusanya wachoraji wenzake, wakapanga siku moja ya Jumamosi: ukuta uoshwe, watu waalikwe, kazi za wachoraji wa mtaa zitundikwe ziuzwe, na wenye kuta tupu mjini waombwe kuwapa vijana hawa kazi za malipo badala ya kubandika matangazo. Walikuwa wanatafuta mtu mwenye ngazi na vifaa. Nikasikia, nikaenda mwenyewe.

"Nitawafanyia bure," nikamwambia. "Nyinyi wekeni tu jina la kampuni mahali linaonekana."

"Asante sana, Engineer," akasema Shiro (mimi si mhandisi, lakini sikumkatiza). "Ila uoshe tu. Maji na sponji. Usiongeze kitu."

"Dada yangu, mimi nimeosha majumba ya vioo Doha."

"Hii si kioo, Wafula."

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniponza. Mkenya yeyote aliyejenga anajua kwamba mvua ikinyesha hapa kwetu, matone yanaupiga udongo mwekundu unarukia ukutani mpaka usawa wa magoti, na ndiyo sababu nyumba zetu, shule zetu, hata makanisa, chini tunayapaka mkanda wa rangi ya mafuta, nyeusi au kahawia, ili matope yasionekane na yakionekana yapanguswe kwa kitambaa. Hatuulizani, tunapaka tu. Kwa fundi wa hapa, ukuta bila mkanda ni mtu aliyevaa suti halafu yuko miguu mitupu. Na wiki ile mvua ilikuwa imenyesha, nasi tulipomaliza kuosha kule juu, watu wa Jemo waking'aa kama wametoka kuoga, chini ya miguu yao kulibaki barabara ya kijivu aliyoichora imejaa madoa ya udongo, na karibu na kona, chini kabisa, palikuwa na alama ya mkono, ya rangi ya udongo vilevile, vidole vimetanuka.

"Bosi, cheki," akasema Odongo, fundi wangu. "Kuna mlevi alijishika hapa asianguke."

Tukacheka. Nikapitisha sponji, alama haikutoka. Nikapitisha tena kwa nguvu, wapi. Nikasema udongo wa Woodley ni sugu kama watu wake, basi huo tuufunike, tuupe ukuta huu mkanda wa heshima. Odongo alitaka kahawia, mimi nikasema nyeusi. Tukavuta uzi, tukapaka mkanda mnyoofu kutoka kona hadi kona, nikasimama ng'ambo ya njia nikautazama, na ukweli ni kwamba nilijisikia nimemkamilishia marehemu kazi yake. Juu ya mkanda, kwa herufi za manjano, nikaandika jina la kampuni na nambari ya simu. Kisha tukashusha turubai ili kesho yake tufunue kwa shangwe. Shiro alinipigia kuuliza mambo yakoje, nikamwambia, "Relax, kesho utalia kwa furaha."

Nilichosahau (mwenye diploma) ni kwamba ulikuwa mwezi wa saba, na kwa baridi ya Julai rangi ya mafuta haikauki kwa usiku mmoja, tena chini ya turubai.

Jumamosi watu wakaja wengi. Kulikuwa na hema, viti, michoro imetundikwa kwenye waya, na wenye maduka wawili watatu walikuwa wameshaanza kuwauliza vijana bei ya kuchora kuta zao. Mimi nilivaa suti. Nilipopewa kipaza sauti sikukirudisha haraka, nilieleza nilikotoka, nikataja Doha nafikiri mara nyingi kuliko nilivyomtaja Jemo, nikasema sanaa bila utunzaji ni bure, kisha nikavuta kamba. Turubai likaanguka. Watu wakapiga makofi, halafu makofi yakaanza kupungua kutoka upande mmoja, ule waliokaa majirani, yakapungua hivyo hivyo mpaka nikabaki nasikia yangu.

Mama mmoja mwenye kofia ya kanisani alikuwa ameinuka kwenye kiti cha mbele. Nilijua ni mama yake Jemo kwa sababu tulikuwa tumetambulishwa asubuhi. Wote walimwita Mama James, na yeye mwenyewe hakuwahi kumwita mwanawe kwa lile jina la mtaani. Alitembea polepole mpaka kwenye kona, akainama, akaanza kupapasa hewani karibu na ukuta kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Mkono uko wapi?" akauliza.

"Mkono gani, mama?" nikasema.

"Wa James."

Shiro alikuja mbio akasimama mbele ya mkanda wangu, akautazama kutoka kona hadi kona.

"Wafula, umefanya nini," akasema, na hakuuliza. "Jemo hakuwa anaandika jina. Siku alimaliza hii kazi alikuwa amechoka, akakaa chini hapo, akachovya mkono kwa rangi ya mwisho iliyobaki, akauweka hapo. Hiyo ndiyo sahihi yake. Kila Jumapili mamake akitoka kanisa hupitia hapa, anaweka mkono juu yake. Woodley yote inajua."

Woodley yote ilijua, na mimi natoka Kileleshwa.

Mama James alikuwa bado ameinama. Magoti yake yalikuwa mabovu, mtu ungeona. Akakadiria mahali, akaweka kiganja chake pale, juu ya weusi, akakibonyeza. Alipokiondoa kilikuwa cheusi chote, na ukutani, kwenye ile rangi mbichi, pakabaki alama ya mkono wake, mdogo, vidole vimetanuka kidogo. Alikitazama kiganja chake.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Ningekaa chini, ningeomba msamaha, ningeacha ukuta ulivyo. Lakini nilisikia minong'ono nyuma yangu, na mimi tangu zamani nikisikia watu wananong'ona nyuma yangu huwa nadhani wanasema siwezi.

"Mama, usijali," nikasema. "Haya mambo nimeyasomea, nina diploma." (Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi. Mtaa mzima ulisikia.)

"Wafula, wachana nayo kwanza," akasema Shiro. "Tufikirie kwanza."

"Ya kufikiria ni nini? Rangi ni mbichi, inatoka. Odongo, lete tina."

Tina ni ile dawa ya kuyeyushia rangi ya mafuta. Odongo akaleta mkebe na vitambaa, akinitazama kwa macho ya mtu anayetaka kurudi kwao. Nikapiga magoti na suti yangu, nikachovya kitambaa, na kitu cha kwanza nilichofuta, mbele ya wote, kilikuwa mkono wa Mama James. Sikufikiria. Nilikuwa nauwahi mkono wa Jemo, ulio chini yake.

Na ukatokea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ukatokea. Weusi ulipungua, ikaja rangi ya udongo, kidole gumba, halafu kidole cha pili, halafu ubavu wa kiganja. Mtu nyuma akasema, "Ndiyo hiyo, ndiyo hiyo." Mama James akapiga magoti kando yangu, akashika ukuta. Nikasikia vifua vya watu vikishusha pumzi na mimi nikavimba tena, nikachovya tena, nikasugua kwa nguvu ili niwaonyeshe vidole vyote vitano. Lakini rangi yangu ya mafuta na rangi ya maji ya Jemo zilikuwa zimeshashikana, na tina haijui kuchagua. Kidole gumba kikarefuka kama kinayeyuka, kikaungana na cha pili, pakawa doa, doa likawa tope, halafu pakawa plasta nyeupe. Nilipojaribu kuzuia maji ya tina yasipande juu ya mchoro, mkono ukateleza, na kitambaa kikaondoka na miguu yote miwili ya yule mwanamke wa mandazi.

"Basi," akasema Mama James. "Imetosha."

Akanyoosha mkono akakichukua kile kitambaa kutoka kwangu. Kilikuwa na weusi wangu na katikati yake hudhurungi kidogo. Alikikunja, hudhurungi ikiwa ndani, akafungua mkoba wake akakiweka. Kisha Shiro na mwingine wakamshika mikono wakampeleka nyumbani, na mimi nikabaki nimepiga magoti.

Video ilizunguka, bila shaka. Vijana wa Woodley walinipa jina Mkanda Mweusi, na kwa miezi kadhaa nikipita walikuwa wananiinamia kama wachezaji karate, wakiweka mikono kifuani. Meneja mmoja wa jengo Kileleshwa aliniuliza kwenye lifti kama kazi nitakayowafanyia itakuja na mkanda au mkanda unauzwa kando. Niliwajibu wote kwa kucheka. Usiku sikucheka.

Nilimwendea Shiro nikamwambia nitagharamia marekebisho. Alinijibu bila kuniangalia kwamba marekebisho yatafanywa na wachoraji wa mtaa, kwa bei ya mchoraji na si ya kibarua, na mimi nitalipa nikiwa ng'ambo ya njia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Waligeuza mkanda wangu kuwa barabara tena, wakamrudishia mwanamke wa mandazi miguu, na herufi zangu za manjano zikalala chini ya kokoto za kuchora. Kona peke yake ndiyo iliyowashinda. Kijana mmoja mwenye moyo mzuri alichanganya rangi ile ile ya udongo, akajitolea kuweka mkono wake pale. Mama James, aliyekuwa amekuja kutazama, akamuuliza, "Na huo utakuwa mkono wa nani?" Kijana akaosha mikono. Plasta ikaachwa wazi.

Jumapili moja nikaenda, sijui kutafuta nini. Nikasimama mbali, karibu na ua. Kanisa likatoka, Mama James akaja peke yake na kofia yake, akainama kwa shida, akaweka kiganja kwenye plasta tupu. Akakaa hivyo muda mrefu. Halafu nikaona anajaribu kuinuka na magoti yanakataa, anajaribu tena.

"Wewe wa mkanda," akasema, bila kugeuka. "Si umesimama hapo tangu nifike. Njoo uniinue."

Nikaenda nikamshika chini ya mikono. Hakuwa mzito hata kidogo. Akajipangusa gauni, akaniambia, "Wiki ijayo usisimame mbali hivyo. Nitakuwa nakungoja na nimeinama?"

Nimeapa sitaweka brashi yangu mahali mtu mwingine alipoweka yake kabla sijauliza ni nani, na ni nani anayekuja kumtazama hapo. Kiapo hicho nakishika, ni chepesi. Kizito ni Jumapili, ule muda anaokuwa ameinama na kiganja kiko kwenye plasta, nami nimesimama nyuma yake nimeshika mkoba wake, nikingoja aseme niinue.