Niliyokiambia Kiti cha Akiru

Naomba msinicheke sana. Karakana yetu ya miguu bandia hapa Kakuma ililetewa mashine ya kuunganisha plastiki kwa mtetemo. Plastiki ya kawaida inayeyuka na kushikana yenyewe. Ile ngumu ya resini haiyeyuki kamwe, hivyo inatengenezwa ikiwa na utando mwembamba wa plastiki ya kawaida juu yake, ndio ushike.

Tuliagizwa tuvae vifunika masikio. Nikajua basi hii kitu inanguruma kama kinu cha posho. Sikuwahi kuviinua nihakikishe.

Akiru, tuliyekuwa naye meza moja, alikuwa amehamishiwa Lodwar, kiti chake kikabaki mbele yangu. Kila nikiwasha mashine, nilikiambia kwa sauti kubwa yale ambayo yeye sikuwahi kumwambia: kwamba chai bila yeye hainishuki, kwamba gari la Lodwar likifika natazama kila anayeshuka, kwamba natamani siku moja tuende Eliye, kule ufukweni mwa Ziwa Turkana, tukae tu, tutazame maji. Wenzangu walikuwa wakiinamia kazi. Nikadhani ni bidii.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nimefika kwenye maji ya Eliye mkono fulani ulipoinua kifuniko cha sikio langu. Mashine ilikuwa inafanya kazi, na nilisikia kuku akiparura nje.

“Ejok,” akanisalimu Akiru, aliyekuja kuchukua vipuri. “Hii mashine haina kelele, fundi; mtetemo wake sikio halisikii. Nimesimama hapa tangu kwenye chai. Haya, tumefika Eliye. Endelea.”