Maua Manne ya Nechifor

Usiku mzima nilikaa jikoni, mkono juu ya bomba la joto linalopanda kutoka kwetu kwenda kwa Bi Profira, ghorofa ya juu yetu. Katika majengo haya ya zege bomba husema kuliko jirani. Mtu akifungua maji, utasikia. Akiangusha kijiko, utajua ni kijiko. Tangu saa kumi ya jana yake, Bi Profira alipojifungia, sikusikia maji hata mara moja. Ana dawa ya moyo, kidonge asubuhi na kidonge jioni, wala havimezeki vikavu. Kosa lilitoka nyumbani kwangu, kwa hiyo sikuona haki ya kulala.

Mwanangu Codrin ana miaka ishirini na sita na kazi yake ni kutengeneza video kwa akili mnemba. Huamka saa nne, hunywa kahawa amesimama, kisha huingia roshani tuliyoizungushia vioo, mahali nilipokuwa nikiweka mitungi ya achari. Huko huiandikia mashine anachotaka, kama mtu anayemwagiza fundi asiyewahi kutoka nje: asubuhi, mwanamke wa makamo anakata mkate, atazame mkate. Mashine inaleta. Anatazama, anasema hapana. Anaandika tena. Kutwa namsikia hapana, hapana, na mara moja katika arobaini namsikia akisema haya. Ndipo hutafuta sauti, hukata, huunga, hutazama tena toka mwanzo. Ameichezesha mikate ya duka la pale kona hadi foleni ikafika kituo cha basi. Amewatengenezea maharusi bustani ambayo mji wetu wa Bacău haujawahi kuwa nayo.

Mwanzoni niliogopa. Mtu aliyesoma miaka minane huogopa kitu asichoweza kukishika. Lakini nilimchungulia mwaka mzima kupitia mlango wa roshani, nikaona kwamba hatoi kitu kabla hajahesabu vidole. Mashine ile ina ugonjwa wa vidole, huyu inampa sita, yule inampa vinne, na Codrin huhesabu kila mkono, akiusogeza kidogo kidogo, mpaka macho yanamwiva. Siku hizi nikiulizwa mwanao anafanya nini, najibu bila kumeza mate.

Bi Profira alikuwa anatimiza miaka themanini. Binti yake Mioara, anayelea wazee wa watu kule Italia, aliagiza video: marehemu baba yake, mzee Nechifor wa reli, asimame mlangoni, atabasamu, ampe mkewe maua. Alituma picha saba. Codrin alihangaika nazo siku tisa, halafu akaniita. Nilipomwona Nechifor akigeuza shingo vilevile kama zamani akipanda ngazi zetu, nililia. Nilikuwa natazama uso. Mwanangu alikuwa anatazama vidole.

Jana hiyo mchana tulimwalika Bi Profira kwetu, tukala majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama, tukaiweka video kwenye televisheni. Bibi akacheka, akashika kifua kwa furaha. Kisha nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa anahesabu.

"Manne," akasema.

Codrin aliiagiza mashine mawaridi matatu, na mwanzoni yalikuwa matatu. Mzee aliponyoosha mkono, la nne likachomoza kwenye karatasi. Kwetu mtu aliye hai hupewa maua ya idadi witiri. Ya shufwa hupelekwa makaburini. Mimi niliuza maua langoni mwa soko miaka kumi na mmoja, sikuwahi kumfungia mteja shada bila kumuuliza ni la nani, na manne yale yalinipita puani.

Bi Profira aliinuka, akatuaga mmoja mmoja kwa jina.

"Nechifor haji bure," alisema. "Ananiita."

Akapanda kwake. Tukasikia komeo.

Asubuhi nilipanda kugonga. Titi, msimamizi wa jengo, alikuwa keshafika, ametoka na ndara.

"Bi Profira, ni mimi, Aurica."

"Nakusikia, Aurica." Sauti ilikuwa karibu, kana kwamba ameketi nyuma ya mlango. "Nimeshavaa."

Nilijua amevaa nini. Kila bibi wa hapa ana begi lenye nguo zake za mazishi, zimepigwa pasi, na viatu visivyowahi kukanyaga chini.

"Dawa umekunywa?"

"Za nini tena, mwanangu?"

Simu yangu ikalia. Ni Mioara, analia huko aliko. Akasema ikifika saa sita mama yake hajafungua, atawaita zimamoto wavunje mlango. Nikatazama saa, ilikuwa tano kasorobo. Moyo ule usingestahimili kuvunjiwa mlango.

"Aurica," Titi akasema, "mwanao anafufua wafu. Kitasa kitamshinda?"

Nilitaka kumjibu, lakini Codrin alikuwa anapanda ngazi na kompyuta yake kwapani. Hakuwa amelala pia. Akaketi juu ya saruji, mgongo ukutani, akaifungua mapajani.

"Mjomba Titi, sogea kidogo, unanizibia mwanga. Nafanya kazi."

"Kazi gani saa hizi?" nikamuuliza.

"Ileile, mama." Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Bibi, naanza upya. Nisaidie."

"Sitaki mashetani yako."

"Hakuna shetani humu, Bibi. Hii mashine imeona wazee wote wa dunia na haimjui hata mmoja. Nikiiandikia mzee na maua, inaleta mzee na maua. Kuhesabu haijui. Wa kuhesabu ni mimi, na jana sikuhesabu. Kosa ni langu, si la babu."

Titi akafungua mdomo, nikamkanyaga ndara.

"Sasa niambie," Codrin akaendelea, taratibu, kama anavyoongea na mteja yeyote. "Yeye mwenyewe alikuwa anakuletea maua gani?"

Ndani kiti kililia.

"Nechifor? Maua?"

"Ndiyo."

"Yule? Miaka arobaini na mmoja ya ndoa sijapata hata jani."

"Mioara aliniambia mawaridi."

"Mioara anajua nini, alikuwa mtoto. Baba yake akitoka zamu alileta figili. Vishada vya figili, kutoka kwa mwanamke mmoja wa stesheni ya Adjud. Na mwanamke huyo sikumpenda."

Titi akageukia ukutani, mabega yanamcheza.

"Figili ngapi, Bibi?"

"Nani anahesabu figili?"

Codrin hakucheka. Alikuwa ameanza kuandika, huku akitamka anachoandika. "Mzee wa reli, mlangoni, ametoka zamu. Mkononi kishada cha figili, kina udongo bado."

"Alizisuuza," sauti ikasema. "Pale pale stesheni."

"Zimesuuzwa, zinachuruzika maji. Kofia imenyooka."

"Haikunyooka hata siku moja. Imelala kushoto. Kushoto kwake, siyo kwako."

"Kushoto kwake." Akabonyeza. Tukasubiri mashine ilete. Codrin akatazama, akasema hapana, akaandika tena. Akasema hapana. Mimi nilisimama pale nimeshika chuma cha ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu jana sikuwa nahesabu dakika.

"Codrin," Bi Profira akaita, polepole. "Kwa hiyo yule wa jana, wa maua..."

"Hakuwa babu. Ni mzee niliyemtunga mimi, na nilimtunga vibaya."

"Nami nikajiuliza. Nechifor aanze kuleta maua leo, kafanya kosa gani huko?"

"Haya, huyu hapa," Codrin akasema. "Kofia imekaa. Lakini masharubu sina hakika nayo. Picha nilizotumiwa zote zina kivuli. Yalishuka au yalipanda?"

"Nitaonaje kupitia mbao?"

"Basi nitabahatisha."

"Usibahatishe."

Mnyororo ulisogea, kisha komeo, kisha la pili. Mlango ukafunguka. Alisimama pale na gauni jeusi la mazishi, viatu vipya miguuni, miwani kwenye paji la uso. Akaishusha, akainama juu ya kompyuta mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu amenona mno," akasema. "Na masharubu yalishuka. Inuka kwenye saruji hiyo ya baridi, utaharibu figo."

Nikapita ubavuni mwake kwenda jikoni kutafuta vidonge, naye hakunizuia. Nyuma yangu nikamsikia akisema, "Ingia, mwanangu, na hicho chombo chako. Titi, wewe una ndara chafu, baki nje."