Mwamuzi Hana Mtani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kaptula ya kaka yangu, imebanwa kiunoni kwa pini mbili, na shingoni nilikuwa na filimbi niliyoiosha mara nne asubuhi ile. Nilikuwa na miaka ishirini. Leo nina ishirini na saba na nimeshastaafu. Najua mstaafu hutarajiwa kuwa na mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, lakini kazi ya uamuzi niliifanya misimu saba na sitairudia. Nyinyi mnaoanza kupuliza filimbi katika viwanja vya Morogoro mnapaswa kujua tulivyoifanya. Nitasema pia yale ninayoyaonea aibu. Bado nina hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikipaza sauti.

Mji wetu umejaa watu waliotoka kwingine. Wapo waliofuata reli, waliofuata viwanda, waliofuata mashamba ya miwa. Kila Jumapili ya kiangazi wanacheza mashindano yao: Kigoma, Tabora, Mbeya, Songea, Mtwara, kila timu kwa jina la kwao. Uwanja ni wa shule, kule Kihonda, na goli la upande mmoja linatazama milima. Wingu likishuka mlimani unajua una dakika ishirini kabla hujalowa. Sisi Waluguru hatuna timu. Wenyeji tunatoa waamuzi. Kamati iliamua hivyo kabla sijazaliwa, kwa hoja kwamba asiye na timu hana upande.

Bosi wangu alikuwa Katibu wa Mashindano, mzee aliyefanya kazi reli, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Wewe ndiye Asteria wa Matombo?"

"Ndiye mimi."

"Sheria za mpira unazijua?"

"Zote kumi na saba."

"Nani kakufundisha?"

"Nimejifundisha mwenyewe."

Alicheka mpaka akashika meza. "Basi hujafundishwa ya kumi na nane." Akafungua droo, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo ilikuwa inakatika.

Ilikuwa orodha ya watani. Kigoma na Tabora, watani. Songea na Tabora, watani. Ikaendelea hivyo mpaka chini. Katibu akanieleza kwamba maneno wanayotupiana watani uwanjani si kosa. Mtu wa Mtwara akimtukania mtu wa Mbeya ukoo wake, hao si watani, toa kadi. Lakini Tabora akimwambia Kigoma kwamba kipa wao hadaki mpira kwa sababu mikono imejaa mawese, unaacha. Kigoma atajibu kwamba babu zao Tabora walibeba mizigo ya watu mpaka vichwa vikawa bapa, nayo unaacha. Ukitoa kadi hapo, utachekwa na timu zote mbili.

Mstari wa mwisho wa orodha ulikuwa umeandikwa kwa penseli: Waluguru na Tabora.

"Huo usikuhusu," alisema Katibu. "Mwamuzi akiwa kazini hana mtani."

Niliikariri orodha ile kabla jua halijazama.

Niwaambie jinsi nilivyojifundisha, maana wengi huniuliza. Niliazima kitabu cha sheria kisicho na jalada, nikakinakili chote kwa mkono kwenye daftari. Ukurasa wenye kosa moja niliuchana. Mbele ya kioo chumbani nilijifunza kunyoosha mkono bila kukunja kiwiko. Nilivaa saa mbili, moja kila mkono, kwa kuogopa kwamba moja itasimama, kisha nikawa nahofu zikitofautiana nitaamini ipi. Kabla ya kila mchezo nilitapika. Sikumwambia mtu. Mwamuzi wa pembeni mmoja alidhani nina mimba.

Lakini kilichonipa jina ni fomu ya mchezo. Kila mchezo una fomu moja, inajazwa kwa karatasi ya kaboni ili zitoke nakala nne: ya kamati, ya kila timu, na ya mwamuzi. Juu unaandika majina na nambari, katikati magoli na kadi, na chini kuna nafasi inayoitwa Matukio. Hapo unaandika lolote lisilo la kawaida: ugomvi, tusi, mtu kuzimia. Kama hakuna, unaandika "Hakuna tukio". Manahodha wanasaini, mwamuzi anasaini, Katibu anasaini na kugonga muhuri. Mimi nikikosea herufi moja nilikuwa naanza upya yote. Katibu alikuwa akiwaonyesha waamuzi wengine fomu zangu.

"Tazameni," aliwaambia. "Hii unaweza kuitundika ukutani."

Nilizipenda sifa hizo kuliko nilivyopenda mpira. Kumbukeni hilo.

Msimu wangu wa saba nilipewa nusu fainali ya Kigoma na Tabora. Beki wa kushoto wa Kigoma, nambari tatu, aliitwa Nestori, fundi wa kuchomelea mageti. Kila mtu pale alijua kwamba Nestori alikuwa anahangaikia kitambulisho cha taifa. Kiwanda kilikuwa tayari kumwajiri, kikamwambia bila kitambulisho hakuna ajira. Na hatua ya kwanza ya kitambulisho ni barua ya utambulisho kutoka mtaani kwako, yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Nestori amezaliwa Kasulu, karibu na mpaka, na mtu wa Kasulu akifika mbele ya meza yenye muhuri huulizwa maswali ambayo mimi wa Matombo sijawahi kuulizwa.

Kipindi cha kwanza walitaniana vizuri. Dakika ya sitini Nestori akapiga kona, Kigoma wakafunga kwa kichwa. Hapo Nahodha wa Tabora, ambaye wote tunamwita Kapteni, akaanza.

"Mkimbizi huyo! Refa, mkague mkimbizi!"

Watu wakacheka. Nestori akarudi nafasi yake.

"Mkimbizi, Uhamiaji wako getini! Kimbilia kule, kuna tundu kwenye ukuta!"

Safari hii kuna waliogeuka kutazama getini kweli. Nestori mwenyewe aligeuka. Nilimwona. Kisha akanijia.

"Dada refa, umesikia?"

Nilisikia. Nilikuwa hatua nne kutoka pale. Na kichwani mwangu orodha ilikuwa imeshafunguka: Kigoma na Tabora, watani.

"Ni watani wenu," nilimwambia. "Cheza."

"Mtani anakutania ucheke," alisema. "Unaniona nacheka?"

"Cheza, nambari tatu."

Kapteni aliita mara ya tatu Nestori alipokwenda kupiga kona nyingine, nami nikaangalia saa zangu. Mchezo ukaisha, Kigoma wakashinda moja bila. Nikakaa, nikajaza fomu. Kwenye Matukio niliandika, kwa mwandiko wangu ule wa kutundikwa ukutani, "Hakuna tukio".

Jumanne Tabora wakakata rufaa. Walidai Nestori si raia, kwa hiyo ushindi wa Kigoma ufutwe. Tukaitwa ofisi ya mtaa, kwa sababu Mwenyekiti wa kamati yetu ndiye pia mwenyekiti wa mtaa anakoishi Nestori. Muhuri alioutaka Nestori ulikuwa juu ya meza ile ile, umefunikwa kwa kofia ya Mwenyekiti.

Nilidhani hawana ushahidi. Kapteni akasimama akasoma:

"Mchezaji nambari tatu aliitwa mkimbizi hadharani mara tatu. Hakukana. Mwamuzi, ambaye anasifika kwa kutokosea hata herufi, hakuandika kwamba ni tusi. Kama mwamuzi hakuona tusi, basi neno hilo lilikuwa la kweli."

Someni tena mkipenda. Mimi nimeyasoma maneno hayo mara nyingi mno. Uwanjani neno mkimbizi lilikuwa utani, kwa hiyo halikuandikwa. Mezani halikuandikwa, kwa hiyo halikuwa utani. Na katikati ya hayo mawili walinisimamisha mimi na mwandiko wangu.

Nikainuka. "Mwenyekiti, nilisikia. Niliacha kwa sababu ya orodha. Naomba niirekebishe fomu."

Katibu hakunitazama. "Asteria, ripoti ikishasainiwa haifutwi."

"Lakini Katibu, ni wewe uliyenipa orodha..."

"Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa. Hilo ndilo ninaloona aibu kulisema: nikakaa. Kigoma wakatolewa, Tabora wakaingia fainali. Nestori akaomba muhuri wake palepale, maana barua alikuwa nayo mfukoni. Mwenyekiti akamwambia arudi suala lake likiisha. Nestori akamuuliza suala gani. Mwenyekiti akavaa kofia, akatoka na muhuri mkononi.

Kesho yake nilimfuata Nestori karakana. Alikuwa amepiga magoti kwenye geti.

"Umekuja na filimbi?" aliniuliza.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Niambie kitu kimoja tu. Siku ile ulisikia au hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi." Akashusha kinyago chake cha kuchomelea, akawasha moto. Nilisimama pale kama mjinga, macho nimeyafumba kwa ule mwanga, kisha nikaondoka.

Nilipopangiwa fainali ilinipasa kukataa. Nilikubali. Nilikuwa nimeiota fainali miaka saba, na nilijiambia nitachezesha vizuri mno hata Nestori atajua mimi si mtu mbaya. Ndivyo ninavyofikiri ninapoogopa.

Nilichezesha vizuri. Tabora mbili, Mbeya moja. Nikapuliza filimbi ya mwisho, nikaitazama timu ya Tabora ikirukaruka. Wakati Mwenyekiti anamnyooshea Kapteni kombe, nilivua filimbi shingoni, nikaitia mfukoni, nikapita katikati yao na kulinyakua kombe.

Katibu akaja mbio. "Asteria! Una wazimu?"

"Katibu, mchezo umekwisha. Sasa nina mtani."

Mtu mmoja nyuma akaelewa kwanza. "Mluguru kakamata! Lipeni watani!" Uwanja ukalipuka. Hata kwenye msiba mtani huweza kushika jeneza akadai chake, na aliyeshikiwa akikasirika anajiaibisha mwenyewe. Kapteni alilijua hilo, akacheka.

"Haya mtani, ndizi za Matombo zimeisha? Unataka nini, kuku?"

"Sitaki kuku. Nataka useme kwa sauti. Nestori ni mtu wa wapi?"

Kicheko chake kikapungua kidogo. Watu wakawa wanapiga makofi kwa pamoja wakimhimiza. "Sema! Sema!"

"Nestori ni Muha wa Kasulu! Mama yake namjua, anauza dagaa wenye mchanga!"

Kicheko. Sikuachia kombe.

"Na mkimbizi je?"

"Aah, mtani, tulikuwa tumefungwa! Nilitaka akose kona! Lete kombe!"

Nikampa. Wote walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, akajifuta macho kwa leso, na nilipomwona anacheka ndipo hasira ikanipanda hasa. Maana nilielewa kwamba kesho atasema ulikuwa utani tu, na muhuri utabaki chini ya kofia.

Nikaenda mezani, nikavuta fomu. Kwenye Matukio niliandika: "Baada ya filimbi ya mwisho, Nahodha wa Tabora alitamka mbele ya Mwenyekiti, Katibu na timu zote mbili kwamba mchezaji nambari tatu wa Kigoma ni mzaliwa wa Kasulu, na kwamba alimwita mkimbizi ili akose kona. Hakuna aliyekana." Neno Kigoma nililikosea, nikalikata. Wino ukavuja kwenye mzaliwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba sikuanza upya.

Kapteni alisaini bila kusoma, kombe likiwa kwapani. Nahodha wa Mbeya akasaini. Katibu akasaini na kugonga muhuri bila kusoma, kwa sababu fomu zangu hazikuwa na haja ya kusomwa.

Jumatatu akaniita. Fomu ilikuwa mbele yake, na kidole chake kilikuwa juu ya doa la wino.

"Utaandika upya," alisema. "Safi, kama kawaida yako. Hapo chini weka hakuna tukio."

"Katibu, ripoti ikishasainiwa haifutwi."

"Una kiburi, Asteria."

"Ndiyo, Katibu."

"Weka filimbi mezani. Na kadi. Na orodha."

Niliviweka, kimoja kimoja, nikavinyoosha vikae sawa. Hata nilipokuwa nafukuzwa sikuweza kuviacha vikae upande. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Nakala yangu ya fomu ya fainali nilimpelekea Nestori. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikwenda nayo ofisi ya mtaa siku tatu mfululizo, akakaa kwenye benchi mbele ya watu. Siku ya tatu Mwenyekiti akaisoma, akaona saini za watu wake wote, akainua kofia na kugonga muhuri. Nestori alinipigia simu.

"Kagonga."

"Sasa utarudi kucheza?"

"Kucheza na nani?" akauliza, akakata.

Siku hizi akinikuta sokoni ninakouza ndizi ananisalimia kama mteja. Ana haki yake.

Nyinyi mnaoanza, orodha ile bado mtapewa. Sina ushauri wa kuwapa. Nawaambia tu kwamba nakala moja ninayo ukutani hadi leo, juu ya kitanda, ile ya nusu fainali. Mistari imenyooka, nambari zimekaa katikati ya vyumba vyake, hakuna doa wala herufi iliyokatwa. Ndiyo fomu safi kuliko zote nilizowahi kuandika, na chini yake, kwa mwandiko wangu, pameandikwa hakuna tukio.